Mama Maabara na Ngome ya Kona

Neno lililomuudhi kuliko matusi ni "nadhani." Ukilitamka mbele yake aliweka kikombe chini, akakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umeona, au unadhani?" Kama umeona, endelea. Kama unadhani, nenda kaangalie kwanza, kisha urudi. Mimi aliniuliza hivyo siku ya kwanza kabisa, nilipopanda kilima kuulizia chumba cha kupanga, nikamwambia nadhani nimepotea njia.

"Umeona nyumba yenye bati jekundu na mti wa peasi mlangoni?"

"Nimeiona, Mama. Ndiyo hii."

"Basi hujapotea. Karibu ndani, unalowana."

Watu wa Lushoto walimwita Mama Maabara, kwa sababu alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali mpaka alipostaafu. Wauza mboga sokoni walimwita hivyo, mchungaji wake pia, na nina hakika wengi wao hawakulijua jina lake jingine. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa jiografia, nimetoka Tanga mjini na mashati ya mikono mifupi, sikujua kwamba kuna mahali katika nchi hii ambapo mtu huvaa koti kutwa nzima mwezi wa Juni. Alinipangisha chumba cha uani. Nilikaa humo miaka sita, na nilipooa nikahamia nyumba ya pili kutoka kwake, ambako nipo hadi leo. Kwa hiyo ninamwandika mtu ambaye nimekisikia kikohozi chake kupitia ukuta, ambaye ninajua siku gani amechoka na siku gani amekasirika kwa jinsi anavyofunga mlango wa jiko.

Kazi yake sikumwona akiifanya, ila nimesimuliwa. Nesi mmoja aliyefanya kazi naye aliniambia kwamba hakuna daktari aliyeweza kumharakisha. Akishaweka tone la damu ya mgonjwa kwenye kioo na kukisukuma chini ya hadubini, alikuwa anahesabu. Lazima apitie sehemu mia moja za kile kioo kabla hajaandika kwamba hakuna malaria. Alipofika tisini na tisa bila kuona kitu hakuandika. Alisogeza ya mia. Siku moja alikuja afisa mkubwa, amepandishwa kutoka bondeni na homa kali, msaidizi wake akagonga dirisha la maabara na kusema mheshimiwa anataka majibu sasa hivi.

"Mwambie mheshimiwa vidudu vyake havijui kwamba yeye ni mheshimiwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Vinatafutwa kama vya watu wengine."

Na mwanamke huyo aliyeheshimu ukweli kiasi hicho alidanganya umri wake kwa miaka mizima. Kwaya ya usharika walikuwa na utaratibu wa kumwimbia kila mwanakwaya siku yake ya kuzaliwa. Yeye kila mwaka alikuwa anatimiza hamsini na nane. Nilipomtania alisema hilo si jambo la kupimwa maabara, na akaendelea kumenya karoti.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyopatana. Hakutaka kuku waingie uani, akawafukuza kwa mawe, lakini kuku wa jirani aliyevunjika mguu alimfunga kijiti na kumlaza ndani ya ndoo jikoni kwake wiki mbili. Alisema simu za kisasa zimewaharibu watu akili. Kisha nikagundua kwamba anayo ya kisasa kabisa, amenunuliwa na mwanawe, na kwamba humo ndani anacheza sataranji na watu wa nchi za mbali kwa jina la kiume.

"Kwa nini la kiume, Mama?"

"Wakijua ni bibi wa milimani wananiandikia pole kabla hata sijafungwa."

Hiyo sataranji, ambayo wanafunzi wangu wanaiita chesi, alifundishwa na mfamasia wa hospitali, mzee mmoja mkimya, katika mapumziko ya mchana wakati vioo vikikauka. Wengine walikula, wao walicheza. Mimi alinifundisha katika msimu wa masika, mwezi wangu wa pili Lushoto, mvua inanyesha siku ya nne mfululizo na ukungu umeingia mpaka barazani. Sikuwa na ndugu wala rafiki pale. Nafikiri aliniona nikizunguka uani kama mtu aliyefungiwa. Akaja na kigoda, ubao chini ya kwapa, na mfuko wa kitambaa wenye askari, farasi, askofu, ngome, malkia na mfalme, wote wameshikwashikwa mpaka wamepoteza rangi.

"Keti," alisema. "Huyu anakwenda hivi. Huyu hivi. Huyu anaruka. Ukigusa, umecheza."

Nilifungwa siku ile, nikafungwa kesho yake. Nilifungwa mwaka mzima na nusu bila kupata hata sare. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada, na mama wa watu anayenuka sabuni ya kipande ananifunga huku akiangalia sufuria ya maharage kupitia dirishani. Kuna siku niliumia mpaka nikamwomba aniachie mchezo mmoja tu, nionje.

Alishtuka kwelikweli, kama mtu aliyeombwa kuiba.

"Nikikuacha ushinde, nitakuwa nimekupa majibu ya uongo," alisema. "Utaondoka hapa unafikiri umepona."

Siku niliyomfunga kwa mara ya kwanza, kwa haki, alinitazama, akautazama ubao, akainuka na kuingia ndani. Nilisikia mlango wa jiko. Sikumwona tena mpaka asubuhi, aliponigongea akiwa na chai ya tangawizi na ubao.

"Onga makeo," alinisalimia kwa Kishambaa, na aliposema hivyo ilibidi nijibu kwa Kishambaa, sawasawa, la sivyo chai ilirudi ilikotoka. Nikajibu. Akapanga askari wake. Akanifunga mara tatu kabla ya kengele ya shule.

Miaka ilivyokwenda nikampita. Nasema bila majivuno, nilikuwa kijana, nilisoma vitabu, nilisafiri kwenda mashindanoni Tanga na Arusha wakati wa likizo. Mchezaji aliyeandikishwa hupewa alama za kiwango, ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka, na ukimfunga mkubwa kuliko wewe zinapanda zaidi. Zangu zilifika elfu moja na mia saba na kitu. Zake zilikuwa elfu moja na mia mbili, maana alicheza mashindano machache tu, mengi akitoka zamu ya usiku, na hakujali. Nyumbani nilimfunga mara tatu katika kila nne. Alisema aliyeweka zile alama hakumpima sawasawa, basi.

Kisha akaugua.

Alikutwa ameanguka kwenye bustani yake ya kabichi asubuhi ya Jumanne, na aliyemkuta ni mke wangu. Kiharusi, walisema hospitali, ila si kikubwa, na aliwahishwa. Alilazwa karibu mwezi. Mguu ulirudi. Mkono wa kulia haukurudi vizuri, ulikaa mapajani kama wa mtu mwingine aliyeuacha hapo. Na maneno yalichanganyika. Wiki za mwanzo Kiswahili kilimtoka chote, alisema Kishambaa tu, tena cha utotoni, manesi wakawa wananiita mimi mtu wa Tanga nije kusikiliza. Kiswahili kiliporudi kilikuja na majina yaliyohama. Sufuria aliita karatasi. Miwani aliita "lile la kuonea." Mke wangu aliwahi kuwa "dada wa redio" siku mbili nzima, na ilipotokea hivyo alijisikia mwenyewe, akafumba macho.

Mwanawe mmoja anaishi Muheza, anafanya biashara ya machungwa na viungo. Ni mtu mpole, mkubwa kwangu kidogo, nami humwita kaka. Alipanda mlima kila wiki. Alitaka kumchukua mama yake akakae naye, na nyumba yake ni nzuri, mke wake ana moyo. Mama Maabara alikataa. Alisema Muheza kuna joto na hakuna mtu anayemjua. Alisema akihamishwa kutoka kwenye nyumba yake atakufa ndani ya mwaka, na alilisema hilo taratibu, bila kukosea hata neno moja.

Jioni moja yule mwana alinifuata shuleni. Tulisimama karibu na mlingoti wa bendera.

"Mwalimu," alisema, "mimi kwake ni mtoto. Akiniambia hajambo siwezi kubisha, na akikosea naogopa kuliko inavyostahili. Wewe unakaa naye. Mtazame. Ukiniambia akili yake iko sawa, ninamwacha hapa na sitamsumbua tena. Ukiniambia haiko, ninamchukua, hata kama atalia njia nzima."

"Kaka, hilo unalonipa ni zito."

"Najua. Sina mwingine wa kumwuliza."

Nikakubali. Nikawa ninamtazama, na kila nilichokiona kiliweza kusomwa kwa namna mbili. Alisahau sufuria jikoni ikaungua, lakini hata mimi nimewahi kuunguza. Alipanda vitunguu kwa mkono mmoja, mistari imenyooka. Alimwuliza mama muuza maziwa habari za mumewe aliyefariki miaka mitatu iliyopita, kisha akasahihisha papo hapo, akaomba radhi na kushika kichwa. Usiku mwingine nilimwambia mke wangu yuko sawa, usiku mwingine nikamwambia hayuko.

Jambo moja lilinielemea kuliko yote. Tangu atoke hospitali hakutaka kucheza. Nilimbembeleza. Nilileta ubao wangu. Alisema, "Si leo, mwanangu," miezi minne. Nikaamini anajua kwamba hawezi tena, na hataki nijue.

Likizo ilipofika, Lushoto tukaandaa mashindano katika ukumbi karibu na soko. Walikuja wachezaji wa Tanga, wa Moshi, wa Korogwe, kama thelathini hivi, wengi vijana. Mimi nilikuwa mmoja wa waandaaji. Asubuhi ya kuandikisha majina nikainua macho kutoka kwenye daftari, nikamwona amesimama mbele ya meza, amevaa gauni la kanisani na sweta ya kijani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Niandike."

"Utacheza?"

"Nimekuja kuuza karoti?"

Nikaandika.

Raundi ya kwanza alifungwa. Ya pili alipata sare na mwanafunzi wa sekondari. Ya tatu mpinzani wake alichelewa, akapewa ushindi wa bure. Sikuweza kuifuatilia michezo yake, nilikuwa na yangu, na moyoni nilikuwa nashukuru kwamba siifuatilii. Siku ya pili asubuhi mwamuzi alibandika karatasi ya raundi ya nne ukutani, nikatafuta jina langu, na lililokuwa mkabala nalo ni lake.

Nilitoka nje kupumua. Palepale nikakutana na mwanawe, ndiyo kwanza anafika kutoka Muheza, ameshika kikapu cha machungwa.

"Anacheza na nani?" aliuliza.

"Na mimi."

Yeye mchezo wenyewe hakuufahamu, lakini aliyaelewa mengine yote. "Basi utajua," alisema.

Nikaingia nimebeba maneno yale. Nikakaa. Yeye alikuwa ameshakaa, mkono wa kulia mapajani, wa kushoto mezani. Tulipeana mikono ya kushoto. Alikuwa na askari weupe, akaanza, akabonyeza saa ya mchezo kwa mkono uleule. Alifungua mchezo kama alivyoufungua miaka yote, polepole, askari mbele ya farasi, kama mtu anayeweka vioo kwenye trei. Nikatulia kidogo. Tulikwenda hivyo kama saa nzima, sawa kwa sawa, na mara mbili niliona ameziba tundu ambalo nilifikiri hatoliona.

Halafu, tulipokuwa katikati, alimsogeza askofu wake mbali, akabonyeza saa, na nikaona kwamba ameiacha ngome yake ya kona peke yake. Malkia wangu alikuwa anaitazama moja kwa moja. Hapakuwa na kitu kati yao. Hata mtoto aliyejifunza juzi angeiona.

Nikaitafuta hila, sikuipata. Nikatafuta tena. Nilichoona ni ngome iliyosahauliwa na mtu aliyesahau sufuria jikoni. Ukutani, kwenye benchi, mwanawe alikuwa ameweka kikapu katikati ya miguu na kunitazama usoni. Nikaanza, na ninaona aibu kulisema hili, kupanga maneno ya kumwambia. Kaka, mchukue. Umchukue kwa upole, na uje na ubao wake pia. Nilifika mpaka kufikiri nani atanunua ile nyumba.

Nikafikiri jambo jingine. Ningeweza kutoiona. Ningesogeza askari wa pembeni, mchezo ukaendelea, tukapata sare, nikamwambia mwanawe mama yako hajambo. Hakuna ambaye angejua. Ila ukweli ni kwamba yeye angejua. Na mimi ningempa mwanawe majibu ya kubuni juu ya mtu ambaye maisha yake yote hakuandika jibu asilolihakikisha. Nilikaa dakika kumi na moja, saa inakula muda wangu. Yeye alitazama ubao tu, hakuniinulia macho.

Nikamshika malkia, nikaila ile ngome. Nikabonyeza saa. Sikuweza kumtazama.

Hakungoja hata kidogo. Malkia wake akaingia kwenye mstari wa mshazari unaoelekea kwa mfalme wangu. Ikabidi mfalme wangu akimbilie konani. Farasi wake akaruka, akamfuata, mfalme akarudi. Farasi akaruka tena, na sasa nilikuwa natishiwa na wawili kwa mpigo, mfalme akarudi konani. Malkia wangu, ambaye ndiye pekee angeweza kuokoa jahazi, alikuwa mbali upande wa pili wa ubao, anashiba ngome.

Hapo akafanya kitu kilichowafanya vijana waliokuwa wamesimama nyuma yetu wagune. Alimchukua malkia wake kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme wangu. Mfalme hangeweza kumla, maana farasi alikuwa anamlinda. Ngome yangu tu ndiyo ingeweza, tena ilikuwa lazima. Nikamla malkia wake kwa ngome. Kutoka kwenye benchi nikasikia mwanawe akivuta pumzi, na kwa pembe ya jicho nikamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Farasi akaruka mara ya mwisho. Mfalme wangu alikuwa konani, ngome yangu mwenyewe imemziba huku, askari wangu wamemziba kule, hana pa kwenda, na farasi hafikiwi na yeyote. Nilihesabu mara mbili. Nilikuwa nimekufa.

Nikacheka. Nilianza kimya kimya, mabega tu, kisha nikashindwa kujizuia mpaka mwamuzi akanionyesha kidole. Macho yalikuwa yamejaa maji. Katika maisha yangu nimeshinda vikombe vitatu, na hakuna hata kimoja kilichonipa raha niliyoipata kwa kufungwa kule. Kitu kilichokaa juu ya kifua changu miezi minne kiliondoka, nikahisi kabisa kinaondoka.

Yeye hakucheka. Aliinama kuelekea kwangu.

"Kwa nini ulikawia vile kula jiko?"

Alijisikia. Akafinya midomo. "Ngome," alisema kwa hasira. "Ngome, ngome. Kwa nini ulikawia?"

"Nilikuwa nafikiri, Mama."

"Ulikuwa unanihurumia."

"Ndiyo."

"Ungeiacha pale nisingekuongelesha tena mpaka kaburini." Akavuta pumzi. "Nilihofu utaiacha. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mengine yote nilikuwa nimeyahesabu."

Akaweka sahihi yake kwenye karatasi ya matokeo kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda, akaniachia kalamu.

"Miezi yote hii ulinikatalia," nilisema. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nacheza kwenye simu. Nilifungwa kila siku. Wewe hukustahili kuona hayo." Akainuka, akishikilia meza. "Nilianza kushinda mwezi uliopita, nikasema sasa nitoke."

Mwanawe alikuwa ameshafika kwenye meza yetu, uso umemshuka. Alimshika mama yake begani kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Si neno, Mama. Kushindwa ni kawaida."

"Nani kashindwa?" alisema Mama Maabara. "Menya chungwa, nina kiu."

Nilimtoa nje yule mwana. Jua lilikuwa limetoka, watu wa soko wanapanga karoti na pichesi, na mlimani juu ukungu unajivuta kuondoka. Nikamweleza. Ilinichukua muda kumfanya aelewe kwamba nilipomla yule malkia nilikuwa nimeingia mtegoni.

"Alinipa nimle," nilisema. "Alijua nitakula."

"Na ile nyingine, ya pembeni?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa chambo."

"Kwa hiyo ni mzima?"

Nilifikiri kwanza. Mchezo si jiko, wala si ngazi yenye utelezi wakati wa mvua. Nikamwambia nilichokiona na si zaidi: kwamba kichwa chake kinapanga hatua sita mbele na kinajua mimi nitafanya nini kabla sijafanya, kwamba maneno yanamponyoka bado, kwamba mkono hauna nguvu na sufuria iliungua. Nikamwambia asimchukue. Amtafutie mtu mzima wa kukaa naye, wa kubeba maji na kuangalia moto, na amruhusu Mama amchague mwenyewe.

Yule kaka alikaa juu ya kreti tupu la soda. Alifuta uso kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili. "Nilikuwa nimeshapaka rangi chumba chake," alisema. "Nilikuwa siwezi kulala. Nikimtazama mke wangu akitandika kile kitanda nilijiona kama ninamchimbia mama yangu shimo." Kisha akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akanipa machungwa yote yaliyobaki kikapuni.

Mama Maabara alifungwa michezo miwili iliyofuata na kumaliza katika nafasi ya chini. Alama zake zilipanda kidogo kwa sababu yangu. Zangu zilishuka, na wanafunzi wangu wamenitania muhula mzima. Mtu wa kukaa naye alipatikana, mjane kutoka upande wa Bumbuli, na Mama alimfanyia usaili barazani saa nzima kabla ya kumkubali. Sasa wanagombana kuhusu chumvi, na wanasikiliza pamoja kwaya ya redio Jumapili mchana.

Mwezi uliopita nilikuwa nashuka stendi asubuhi kupokea mzigo wa vitabu vya shule, nikamwona amesimama kando ya basi. Amevaa sweta, kiatu cha kufunga, begi dogo limewekwa juu ya begi kubwa. Nikavuka barabara nusura nikimbie.

"Shikamoo, Mama. Kuna nini? Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Muheza."

"Kaka amekuja kukuchukua?"

"Amekuja wapi? Hajui hata kama naja." Alikuwa anamtazama kondakta anayepakia magunia. "Mkwe wangu amejifungua juzi. Kuna mtu wa kwenda kumwogesha mtoto? Wewe, kijana, hilo begi si kabichi, lilaze vizuri!"

Kondakta akalilaza vizuri.

"Utakaa huko muda gani?" niliuliza, na nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida.

Akanitazama kama anatazama mwanafunzi aliyeuliza swali ambalo limeandikwa ubaoni. "Narudi Alhamisi. Kule joto."

Alipanda ngazi za basi mwenyewe. Alikataa mkono wangu, akaukubali wa kondakta, akakaa dirishani upande wa bonde na kuanza kuongea na mama wa kiti cha pili kabla basi halijatoka. Hakunipungia.

Alhamisi nilitoka shuleni mapema kuliko kawaida yangu. Kutoka kwenye kona ya barabara nikaona moshi unatoka jikoni kwake, mweupe, umenyooka, na nikapunguza mwendo, sikuwa na haraka tena. Nilipofika karibu na uzio alikuwa ameshaniona.

"Mwalimu!" aliita. "Nani aliacha lango wazi? Mbuzi wameingia kwenye kabichi zangu, wamekula mstari mzima! Njoo uone mwenyewe, usisimame huko!"

Nikafungua lango, nikaingia, nikalifunga vizuri nyuma yangu, nikaenda kuangalia.